Mlango Haupakwi Ukiwa Umefungwa

Vijana, mpwa wangu anayewafundisha kupaka rangi ameniomba niwaandikie juu ya kazi yangu, na nimekubali kwa sababu nimechoka kumkatalia. Msitarajie maneno matamu. Magoti yangu yamekwisha. Nikiinuka kanisani watu hudhani Roho amenishukia, kumbe natafuta kiti cha kushika. Wala magoti haya hayakumalizwa na maombi. Yalimalizwa na ule ubao mwembamba unaozunguka chini ya ukuta, ambao hakuna mwenye nyumba anayeutazama mpaka siku umeupaka vibaya. Nimepiga magoti mbele ya ubao huo kutoka Murang'a hadi Timau kwa miaka karibu arobaini, na sijawahi kumsikia mtu akimwambia mgeni wake, "Karibu, tazama ubao wangu wa chini."

Ukuta unaweza kupakwa na mtu yeyote mwenye rola na mkono mmoja mzima. Fundi hujulikana kwenye mlango na fremu yake, hasa siku hizi ambapo kila mtu anataka rangi zinazopingana: ukuta wa krimu, fremu nyeupe, mlango wa kijivu kizito. Zamani nyumba nzima ilipakwa krimu na milango ikapakwa kahawia kwa sababu ndiyo rangi iliyokuwa dukani, na watu wakaoana na kuzeeka humo bila malalamiko. Sasa mama wa nyumba anakuja na simu, anakuonyesha picha ya nyumba iliyo katika nchi ambayo jua lake hatulijui, anasema, "Fundi, nataka hii. Exactly hii." Rangi hiyo hiyo ukiileta Nyeri mwezi wa saba, chini ya mawingu yetu, inakuwa rangi ya sufuria iliyoungua. Kwa hivyo kabla hujanunua hata mkebe mmoja, paka kipande cha ubao, kiegemeze pale pale mlango ulipo, kitazame asubuhi, kitazame mchana, kitazame jioni taa zikiwashwa. Mwenye nyumba naye akitazame. Akikipenda mara zote tatu, ndipo uende dukani.

Kuna mlango mmoja, njia ya kwenda Tetu, ambao ningependa kuwaficha. Niliupaka vizuri, hauna tone wala unywele wa brashi, na ndio mlango pekee katika kazi yangu yote ambao naona aibu kuutaja. Nitaufikia. Mniache niende kwa mwendo wangu.

Aliyenifundisha ni Mzee Salim wa Majengo, hapa mjini Nyeri. Kuhusu asili yake kila mtu alikuwa na hadithi yake. Mwenyewe alisema yeye ni mtu wa Majengo na hiyo inatosha. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, changu kilikuwa cha kuchungia mbuzi, na alinicheka mpaka nikazoea. Siku ya kwanza nilikwenda kwake nikitarajia kupewa brashi na rangi. Alinipa brashi na kikombe cha maji. Nyuma ya kibanda chake kulikuwa na mlango mkuukuu umeegemezwa ukutani. Akachora mstari wa chaki kutoka juu hadi chini, akasema, "Paka maji upande huu. Upande ule ubaki mkavu."

"Maji, Mzee?"

"Maji. Rangi ina bei, na wewe bado."

Maji juu ya ubao mkavu huonekana vizuri, yanautia weusi, na jua likiwaka yanakauka upesi, unaanza upya. Nilipaka maji miezi miwili. Wenzangu wakipita njiani waliniuliza kama mlango umeanza kuota. Nilimchukia Mzee Salim, sitawadanganya, na nilipanga kuacha kila Ijumaa. "Brashi haisukumwi, mwanangu, huvutwa," alikuwa akisema huku amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. "Na usiitazame brashi. Tazama unakokwenda." Siku aliponipa rangi ya kweli na fremu ya kweli, mkono ulikwenda wenyewe. Hakunisifu. Aliniuliza tu kama nimekunywa chai.

Ninyi mna tepu ya kubandika. Itumieni, simzuii mtu. Lakini muibandue kabla rangi haijakauka kabisa, la sivyo itang'oka na ngozi yake. Tena mjue kwamba fremu zetu hukatwa kwa mbao ambazo hazijakauka, nazo hupinda zikishafika ukutani. Tepu iliyonyooka juu ya fremu iliyopinda inatangaza kilema ambacho jicho lingekisamehe. Fundi anayejua kuvuta mstari kwa mkono huufuata ubao ulivyo, na hakuna atakayejua.

Makosa nimefanya, tena ya kuchekesha. Kule Timau nilipaka milango ya nyumba ya meneja wa shamba la maua, milango mipya ya saiprasi, akitaka iwe myeupe kabisa na kuta za kijani. Nikaipaka ikang'aa. Wiki chache baadaye akanipigia simu kwa sauti ya mtu anayejizuia. Mafundo ya mbao yalikuwa yametoa utomvu, ukapenya rangi, na kila mlango ulikuwa na madoa ya manjano kana kwamba umeshikwa na surua. Meneja alikuwa ameshawakemea watoto wake kwa kurusha chai. Nililazimika kuwaomba radhi watoto. Saiprasi ndiyo mbao yetu, hatuna pa kuikimbia, basi kila fundo lipakeni shelaki, ile dawa ya kuziba utomvu, mara mbili kabla ya rangi ya kwanza, hata fundo likionekana kavu. Fundo la saiprasi ni kama deni la shemeji, litajitokeza tu.

Na baridi. Anayejifunza kazi hii wakati wa jua hudanganyika. Kuna majira yetu ya ukungu, katikati ya mwaka, tunayoyaita gathano, ambapo mlima haujionyeshi na nguo hukaa kwenye kamba siku tatu. Rangi ya mafuta wakati huo haina haraka na mtu. Unaigusa baada ya siku mbili, inakushika kidole. Mwalimu mmoja mstaafu wa Othaya aliona namcheleweshea, akawasha jiko la makaa katikati ya chumba chenye fremu nyeupe mbichi, akafunga madirisha, akaenda zake dukani. Aliporudi na kuniita, fremu zilikuwa za rangi ya kibuyu cha maziwa kilichosuguliwa masizi. Nilipiga msasa upya, chumba kizima. Tena ashukuru hakulala humo, kwa sababu moshi ule wa makaa hauamshi mtu.

Kwa hivyo sikilizeni jinsi mlango unavyopakwa. Kwanza toa kitasa, usikizungushie brashi kama mvivu. Uoshe mlango kwa sabuni na magadi, kwa sababu mafuta ya mikono hukataa rangi. Piga msasa. Uache wazi, weka kabari ya ubao chini yake ili upepo usiufunge. Anza na sehemu zilizobonyea, kisha mbao za kulala, mwisho mbao za kusimama. Na kama chumba hiki kina rangi yake na kile kina yake, mlango utakuwa na rangi mbili, uso mmoja kwa kila chumba. Hapo ndipo utaulizwa juu ya ukingo, ule unene wa mlango wenye kufuli, upana wake ni vidole viwili. Kanuni ni kwamba ukingo wa kufuli huchukua rangi ya chumba ambacho mlango unafungukia, kwa sababu ndicho kinachouona. Mzee Salim alinifundisha kanuni hiyo kwa dakika moja. Hakuniambia kwamba watu wanaweza kuigombania.

Nyumba ile ya njia ya Tetu ni ya mawe, iliyojengwa na baba wa familia wakati kahawa ilikuwa kahawa. Alipokufa aliacha mjane, binti, na wana wawili wa kiume, Ndegwa mkubwa na Maina mdogo, na wazee wa ukoo wakaigawanya nyumba katikati. Kila upande ulikuwa na mlango wake wa nje. Upande wa Ndegwa ulikuwa na jiko la kuni lenye chimni. Upande wa Maina ulikuwa na chumba cha kulala cha mama yao. Katikati kulibaki mlango mmoja wa ndani uliounganisha pande zote mbili.

Ndugu hao waligombana juu ya mibuni. Ndegwa aliing'oa mibuni ya baba akapanda avokado, kwa sababu avokado ndiyo inayouzika. Maina hakuulizwa. Hawakupigana, na wangepigana ingekuwa afadhali. Waliacha kusemeshana. Sisi watu wa huku tukishaacha kusemeshana hatuanzi tena kwa sababu ndogo.

Ndegwa akaniita nipake upande wake: ukuta krimu, milango na fremu rangi ya chokoleti. "Ikae nyumba ya mtu mzima," aliniambia. Sijafika ndoo ya pili, mke wa Maina akaja na simu yake. Yeye alitaka kuta za weupe wa maziwa, fremu nyeupe kabisa, milango ya kijivu.

"Fundi, yetu isifanane na yao hata kidogo," alisema.

"Haitafanana, Mama."

Nilifurahi, kusema kweli. Kazi mbili katika nyumba moja, ngazi moja, hakuna kubeba vitu.

Yule mjane tulimwita Mama Ndegwa, kwa jina la mwanawe wa kwanza kama ilivyo desturi. Alikuwa mdogo wa mwili, mgongo umeinama, na kifua chake hakikupenda harufu ya rangi, kwa hivyo walimpeleka Nanyuki kwa binti yake mpaka nimalize. Lakini siku mbili za kwanza, nikikwangua rangi ya zamani, alikuwa bado yupo. Nilimwona. Asubuhi alitoka chumbani kwake upande wa Maina, akausukuma ule mlango wa kati, akaketi kwa moto wa Ndegwa na bakuli la uji. Baada ya muda akarudi. "Ndegwa anauliza kama maji ya tanki imeisha," alimwambia Maina. Akaenda tena. "Maina anasema iko nusu." Hakulalamika. Alikuwa anabeba maneno yao kama mtu anayebeba kuni.

Fundi mwenye macho huusoma mlango kabla ya kuupaka. Uchafu ulio karibu na kitasa ni wa watu wazima, ulio chini ni wa watoto na mbwa. Mlango ule wa kati kufuli yake ilikuwa imekufa zamani, ulishika kwa ugumu wake tu. Ulikuwa na alama moja nyeusi ya mafuta kila upande, kiasi cha kiganja kidogo, chini ya kifua changu. Hakukuwa na nyingine. Watu kumi walilala nyumba ile, na mlango ule ulikuwa ukitumiwa na mtu mmoja. Niliiosha alama kwa magadi, nikaipiga msasa mpaka ikatoka. Kwa hivyo msiseme sikujua.

Kuta zikaisha. Fremu zikaisha, kahawia huku, nyeupe kule, mstari ukiwa umenyooka hata Mzee Salim angeuliza kama nimekunywa chai. Ukabaki mlango. Nilieleza kanuni ya ukingo nikidhani nafundisha watu kitu. Mlango unafungukia kwa Ndegwa, nikasema, kwa hivyo ukingo utakuwa kahawia.

Ndegwa alitikisa kichwa kwa kuridhika. Maina alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwake, lakini alizungumza na mimi.

"Fundi, muulize huyo hiyo mlango ilinunuliwa na nani."

"Mwambie ilinunuliwa na baba," Ndegwa akasema, naye akinitazama mimi.

"Basi mwambie ukingo ni ya baba. Haiwezi kuwa yake pekee yake."

"Mwambie fundi amesema kuna sheria."

"Mwambie hiyo sheria ya rangi haijui mambo ya hapa."

Nilikuwa katikati, brashi mkononi, nikigeuza shingo. Nikajaribu busara. Nikasema naweza kuugawanya ukingo kwa urefu, kidole kimoja kahawia, kidole kimoja kijivu, mstari katikati, na ningeuvuta bila tepu. Wote wawili walikataa. Maina alisema ati nusu ni tusi. Ndegwa alisema hataki kijivu hata kidole kimoja kikiingia kwake kila mlango ukifunguliwa.

Hayo yalikuwa siku ya kwanza. Siku ya pili ikawa vile vile. Ya tatu, ukungu ulikuwa umekaa hadi dirishani, vidole vyangu havikuhisi brashi, magoti yalikuwa yanawaka, na kulikuwa na watu wa Karatina wanaonisubiri tangu Jumatatu. Nilikuwa nimechoka na ndugu hao kuliko nilivyowahi kuchoka na ngazi. Hapo Ndegwa akasema, "Kwani lazima hii mlango ifunguliwe? Ipake ikiwa imefungwa. Ukingo haitaonekana, na hakuna mtu atalalamika."

Maina akamgeukia. Alimtazama usoni, mara ya kwanza mbele yangu. "Hapo umesema," akamjibu.

Wahenga walisema ndugu wakigombana shika jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Hawa walipatana mbele ya macho yangu, na jambo walilopatana ni hilo.

"Na Mama?" niliuliza.

"Mama atazunguka nje," Ndegwa akasema. "Si mbali."

"Ni hatua kidogo tu," akasema Maina.

Ningeweza kukunja kitambaa changu nikaenda. Ningeweza kuwaambia neno ambalo kila fundi analijua, kwamba mlango haupakwi ukiwa umefungwa, kwa sababu rangi ya mafuta ikiingia kati ya mlango na fremu hugeuka gundi, na wakati wa gathano inaingia ndani zaidi kwa vile inachelewa kukauka. Niliijua ile alama ya kiganja. Niliifikiria, kisha nikaufunga mlango, nikapaka. Kahawia upande huu, nikazunguka nje, kijivu upande ule. Nilijaza hata upenyo ili mstari uwe safi. Ndugu wote wawili walisema kazi ni nzuri, kila mmoja akiwa upande wake, nami nikaenda Karatina.

Wiki kadhaa zilipita. Siku moja nilikuwa sokoni Nyeri, nikakutana na mama mmoja muuza ndizi, jirani wa nyumba ile.

"Si ni wewe ulipaka kwa Mama Ndegwa?" akaniuliza. "Imetoka poa sana."

"Asante. Mama alirudi?"

"Alirudi. Lakini anasumbuka, aki. Kila asubuhi anazunguka na fimbo kwa hiyo umande ndio afike kwa moto. Juzi aliteleza pale kwa tanki."

"Ameumia?"

"Ako kwa kitanda. Hakuvunjika, ni mguu imefura. Sasa ni hiyo baridi, na moto iko upande ile ingine."

Nilinunua ndizi ambazo sikuzihitaji. Nyumbani nilijiambia kwamba kazi ya fundi ni kupaka, na mambo ya ndugu na mama yao ni ya ukoo na ya kanisa. Nilijiambia hivyo siku mbili. Niliona aibu kiasi kwamba sikumwambia hata mke wangu. Siku ya tatu nikachukua kisu chembamba, msasa na kabari yangu ya ubao. Nikachukua na mikebe miwili midogo ya rangi iliyobaki, kwa mazoea tu, nikapanda kwenda.

Ndegwa alikuwa jikoni akichochea moto. "Fundi, kuna kitu ulisahau?"

"Nimekuja kufungua mlango."

"Nani amekuita?"

"Hakuna mtu."

Akasimama. Ni mtu mkubwa, na chumba chenyewe ni kidogo. "Hiyo mlango ni yangu."

"Upande mmoja," nilisema, nikapiga magoti.

Sijui kwa nini hakunizuia. Labda aliona nilivyopata taabu kushuka. Mlango ulioshikwa na rangi hausukumwi kwa bega, vijana, utapasua ubao au utang'oa fremu. Unautia kisu kwenye mstari, kikali, kwa pembe, polepole, kuanzia chini kwenda juu, kisha unaupitia tena. Nilimaliza upande wa Ndegwa, jasho limenitoka katika baridi ile. Lakini lazima ukate pande zote mbili, na upande wa pili ulikuwa kwa Maina. Basi nikatoka nje nikazunguka nyumba, nikapita kwa tanki, penye matope, nikishika ukuta kwa mkono. Nilijikuta nahesabu. Hatua sitini na nne, na mimi nilikuwa na viatu vya kazi na miguu miwili ambayo haijavimba.

Mke wa Maina alinifungulia, akaona kisu, akasogeza kiti nisimamie. Maina akaja nyuma yake.

"Ukiharibu hiyo grey, utapaka tena?"

"Nitapaka."

Nilipofika juu kabisa, nikiwa nimesimama kwenye kiti, sauti ikatoka chumbani. "Ni nani huyo anakwaruza?"

"Ni fundi, Mama," nikasema.

Alitoka polepole, akijishikilia ukutani, amevaa sweta mbili na kilemba, mguu mmoja umefungwa kitambaa. Akasimama nyuma yangu akisubiri, hakuketi. Nikashuka, nikaweka kiganja kwenye mlango nikausukuma. Haukutoka. Nikasukuma tena, rangi ikapasuka kutoka juu hadi chini kwa sauti ya kanga inayochanwa, na mlango ukafunguka kwa Ndegwa. Yeye alikuwa amesimama pale pale upande wa pili. Alimwona Maina, na Maina akamwona yeye, na safari hii hakuna aliyenibebesha neno.

Mama yao hakuwatazama. Alinitazama mimi.

"Ni wewe ulifunga?"

Nyuma yake Maina alikuwa anaangalia sakafu. Ng'ambo ya mlango Ndegwa aliangalia chimni. Ningeweza kumwonyesha kwa kidevu tu aliyesema lipi. Lakini mkono uliopaka ulikuwa wangu.

"Ni mimi, Mama."

"Kwa nini?"

Nilitafuta jibu la fundi, juu ya baridi na rangi isiyokauka. "Nilichoka," nikasema.

Aliangalia kisu mkononi mwangu.

"Hata mimi nimechoka," akasema. "Nimechoka kushinda wewe. Na nilikuwa napita."

Akapita katikati yetu, akishika mlango kwa kiganja, hatua fupi, mguu mmoja ukiburuta. Akafika kwa moto akaketi, akanyoosha mikono. Nilisimama hapo na kisu changu. Nimewahi kuanguka kutoka kwenye ngazi Murang'a nikavunjika mbavu, na sikuumia vile.

Nikaweka kabari chini ya mlango. Ukingo ulikuwa umechanika, mahali pengine kahawia, mahali pengine kijivu, mahali pengi ubao mtupu. Ndugu wote wawili walikuja kuutazama, kila mmoja kutoka upande wake, mpaka vichwa vyao vikakaribiana.

"Na sasa fundi," Ndegwa akasema, "hiyo ukingo utapaka rangi gani?"

Maina akafungua mdomo, lakini mama yao alimtangulia. Hakugeuka kutoka kwa moto.

"Akipaka," aliuliza, "mimi nitapita wapi ikikauka na kushika tena?"

Walitazamana wale wawili. Niliokota mikebe yangu ambayo nilikuwa sijaifungua, nikaiacha kabari pale chini ya mlango, nikaenda zangu, ukingo ukibaki vile vile.